Mguu wa Kijani

Anayetaka kuniita mwongo na aniite sasa, kabla sijaanza, ili tusikatizane njiani. Nimeshaitwa hivyo na Mgogoni nzima, kijijini kwetu Pemba, na watu wa Kiuyu, na mama yangu mzazi, na bado nipo, nakula na kulala vizuri. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, nikayaona kwa macho yangu mawili, na macho hayo wakati ule yalikuwa makali kuliko yenu.

Nyinyi mmezoea visa vya usiku. Mtu katoka msibani peke yake, kapita makaburini, kakutana na mwanamke mwenye kwato. Mimi hayo siyajui. Langu lilitokea mchana kweupe, siku ya Ijumaa, jua limesimama utosini na wanaume wote wako msikitini. Hebu niambieni, mchana wa namna hiyo mtu akimbilie wapi? Usiku angalau unaweza kujidai hukuona vizuri.

Ilikuwa ile miaka ya siasa, kabla ya mapinduzi, watu walipokuwa wakisusiana maduka na harusi, hata maziko. Ukivaa kanga ya rangi fulani unaulizwa uko upande gani. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nimeachwa na mume, nimerudi kwetu kwa mama. Baba alikuwa ameshafariki. Alikuwa seremala wa vitanda, na kwa kuwa Mungu hakumjaalia mtoto wa kiume, kazi yake alinifundisha mimi. Watu walisema wakachoka. Mwanamke kushika randa! Baba akawa anawajibu kwamba randa haina macho, haijui nani kaishika. Alipokufa nilirithi sanduku lake la vyombo, na ukaidi wake.

Msimu wa karafuu ulipomalizika, mdogo wangu Riziki akaposwa na kijana wa Kiuyu. Kwetu fungate hukaliwa nyumbani kwa mwanamke, kwa hiyo kitanda cha maarusi kilikuwa juu yetu. Na kitanda tulikuwa nacho, kile cha mama, cha mti wa mfenesi, miguu yake minne minene imekerezwa pete juu ya pete. Baba alikitengeneza kwa mikono yake. Mimi nimezaliwa juu yake, na Riziki vilevile. Shida ilikuwa rangi tu. Ile kahawia yake ilishabambuka, imefanya magamba kama mgongo wa kenge.

Nikamwambia mama nitakikwangua mpaka kwenye mti, halafu nikipake upya. Akanijia juu.

"Ukikwangue una nini nacho? Paka juu kwa juu. Baba yako alikuwa akipaka tu, hakukikwangua hata siku moja."

"Haikai, mama. Wiki mbili itabambuka, wakwe waje watucheke."

"Nimesema paka juu!"

Sasa mtu yeyote aliyewahi kushika brashi atakwambia kwamba rangi mpya juu ya magamba ni kazi bure. Na baba, ambaye kwa kazi za watu alikuwa hapaki mpaka akwangue, kwa nini kitanda chake mwenyewe asikikwangue? Swali hilo lilinijia, nikalipuuza. Nikanyamaza. Lakini wanaonijua wanajua kunyamaza kwangu si kukubali.

Ijumaa hiyo mama alikwenda na Riziki kwa jirani yetu, Bi Time, kumsinga mwali mwili na kumtia piko mikononi. Nyumba ikabaki yangu. Nikakitoa kitanda chumbani nikakiweka ukumbini, nikakivua kamba zote kikabaki fremu tupu. Ukumbi ulikuwa na giza, nikakigeuza kikae sawa na mwanga wa dirisha. Nikateka ndoo ya maji na kata, niwe namwagia vumbi. Kisha nikavunja chupa, nikachukua kipande kizuri chenye makali, nikaanza.

Kipande cha chupa ni bora kuliko patasi kwa kazi ile, kinafuata pete za mguu bila ya kuukata mti. Kahawia ikatoka. Chini yake nyekundu, na hiyo niliikumbuka kwa mbali, nilipokuwa mtoto wa kutambaa. Nikaendelea. Chini ya nyekundu nikaona kijani.

Kijani kibichi, kimelala pale miaka yote hiyo bila ya kuchuja. Na juu ya kijani, kila pete ya mguu imezungushiwa vitone vyeupe, kimoja kimoja, vimepangwa kwa ncha ya kijiti. Nikaacha kukwangua. Nilifanya kazi na baba miaka kumi na mbili na sikumwona akitia kitone hata kimoja kwenye kitanda cha mtu. Alikuwa mtu wa rangi moja, basi. Vile vitone alivitia mtu aliyependa, na mkono ulikuwa wa baba, niliujua. Nikajiambia, kumbe mama alipendwa namna hii. Nikafurahi, wallahi. Nikaikwangua ile nyekundu taratibu miguu yote minne, nimwoneshe mama kabla sijaendelea.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nilifanya kwa nia njema. Ukumbi ulikuwa unanuka mafuta ya taa na tapentaini nilizokuwa nikilainishia magamba, na mama alikuwa na pumu. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikatupia ubani, nikakisukuma mvunguni mwa kitanda ili moshi upande na ufukuze harufu. Fundi gani wa Pemba asingefanya hivyo? Adhana ya Ijumaa ilikuwa imeshaisha, njia nzima kimya, kuku tu.

"Hodi hapa."

"Karibu," nikajibu, hata sikugeuka.

Nilipogeuka nikamwona msichana wa miaka kumi na minane hivi, amejitanda kanga mbili mpya, piko imepanda mpaka kwenye viwiko. Nikadhani ni katika wenziwe Riziki, kapotea nyumba.

"Wenzio wako kwa Bi Time," nikamwambia.

"Mie nimekuja kwangu, mwanangu."

Mwanangu! Mimi mtu mzima, yeye kifua hakijajaa. Nikataka kumkemea, na pale pale nikasikia harufu. Si ubani. Karafuu maiti, ile wanayopakwa maiti kabla ya sanda. Nikatazama miguu yake. Sakafu ilikuwa imejaa magamba ya rangi, mimi mwenyewe kila nikisogea yanalia chini ya nyayo zangu na kunigandia. Yeye akapita juu yake mpaka kitandani, na halikulia hata gamba moja.

Akakaa ukingoni. Akainua miguu, akajilaza chali. Nisikilizeni vizuri hapa. Kitanda hakikuwa na kamba. Katikati ya fremu palikuwa patupu, chini chetezo. Naye akalala juu ya utupu ule, mikono ubavuni, kanga zake hazikuning'inia wala hazikuguswa na moshi.

Nikaanza kuisoma Ayatul Kursi, nayo mimi naijua tangu chuo cha Kurani, lakini siku hiyo ulimi ukateleza katikati. Mnajua nini kilitokea? Yeye akanimalizia, kwa sauti nzuri, kituo kwa kituo, bila ya kukosea. Basi nikajua silaha yangu imekwisha, na tena nikajua aliye pale si shetani.

Mimi hofu ikinizidi hugeuka hasira. Ni tabia, sijisifu wala sijutii. Nikakishika kile kipande cha chupa nikasimama.

"Teremka kitandani," nikamwambia. "Hunu ukumbi wa harusi."

"Na mie nalikuwa na harusi," akasema, macho yako juu darini. "Kitanda hichi kilichongwa kwa ajili yangu. N'mekilalia mwaka mmoja, nikafia papa hapa na kichanga changu tumboni. Arubaini yangu haijesha, nikapakwa nyekundu. Halafu kahawia. Leo weye umenifunua."

"Sikukusudia kukufunua."

"Lakini umenifunua. Usinifunike tena."

Sasa nilielewa, na nilichoelewa kiliniuma kuliko nilivyoogopa. Kumbe vile vitone havikuwa vya mama. Kumbe kulikuwa na mwanamke kabla yake, na katika nyumba ile, miaka yote ile, jina lake sikuwahi kulisikia. Nilimwonea huruma. Lakini nilimwonea huruma na mama pia, na Riziki, ambaye Alhamisi inayokuja angelala hapo.

"Sikiliza," nikamwambia. "Juu ya kitanda hichi n'mezaliwa mie. Kazaliwa na mdogo wangu. Baba kafia hapo. Huwezi kuja leo ukakitaka chote."

Akageuza uso akanitazama kwa mara ya kwanza. "Huniogopi?"

"Nakuogopa sana. Lakini kitanda chote sikupi. Chagua mguu mmoja. Mmoja wako, mitatu yetu."

Akaitazama miguu yote minne, mmoja mmoja. Nilikuwa nasikia makaa yakipasuka. Halafu akanyoosha mkono wake wenye piko, akaushika mguu wa mchagoni, pale panapolazwa kichwa, upande wa kulia.

"Na jina langu?" akauliza.

"Silijui."

"Kamuulize mama yako."

Nikasikia sauti za wanaume njiani, swala imekwisha, wanasalimiana. Nilitupa jicho mlangoni, jicho moja tu, nilipolirudisha fremu ilikuwa tupu. Nikaigusa. Mbao zote zilikuwa zimelowa maji, yanachirizika mpaka sakafuni. Na ndoo yangu ilikuwa imejaa pomoni kama nilivyoiteka.

Hata sijakaa chini, mama akaingia na Bi Time nyuma yake. Bi Time alikuwa mkubwa kuliko mama, ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike pale kwetu. Mama alipoiona ile kijani alishika ukuta. Bi Time yeye hakutazama rangi. Alitazama fremu, akatazama dirisha, akainama akatazama chetezo.

"Ewe mtoto," akasema taratibu, "nani kakwambia uweke hivi? Kitanda umekivua kamba. Umekielekeza kibla. Ndoo ya maji na kata iko ubavuni, ubani wafuka mvunguni. Hichi si kitanda cha harusi. Hivi ndivyo tunavyotengeza kitanda cha kuoshea. Umemwita mtu wa watu, naye kaja."

Mimi nilikuwa nimefuata mwanga wa dirisha tu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kila mtu wa Pemba atakwambia Bi Time alisema kweli.

"Alikuwa nani?" nikauliza.

"Hakuna mtu!" akasema mama. "Chukua rangi ufunike hayo."

"Alikuwa nani, Bi Time?"

Bi Time akamtazama mama, halafu akanitazama mimi. "Mize," akasema. "Mke wa kwanza wa baba yako. Mie nilimuosha, juu ya kitanda hichi hichi."

Mama alikaa kwenye kigoda akalia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata baba alipokufa. "Miaka yote," alikuwa akisema, "miaka yote nimelala kitanda cha mtu. Aliponiposa nilimwambia akikwangue, akaenda akapaka juu. Nyekundu, nikajua yumo chini. Akapaka kahawia, nikajua yumo. Mie hakunitilia tone hata moja."

Sasa nilipata jibu la lile swali nililolipuuza. Baba hakukwangua kwa sababu alikuwa anamficha Mize na anamweka kwa wakati mmoja. Nilimpenda baba yangu, lakini siku hiyo nilimkasirikia, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Nikamweleza mama nilichokiona na ahadi niliyoitoa. Machozi yakamkauka mara moja. Akainuka, akaninyooshea kidole.

"Utaipaka miguu yote minne. Ukiuacha hata mmoja, sikupi radhi zangu. Umenisikia? Ufe bila radhi zangu."

Nyinyi mnajua neno hilo lina uzito gani. Mtoto aliyenyimwa radhi na mzazi wake, sala yake ina mashaka, kaburi lake lina mashaka. Nilikuwa mtalaka, sina mtoto, sina mume. Radhi za mama ndizo mali pekee niliyokuwa nayo. Usiku kucha sikulala. Asubuhi nikachukua kopo la kahawia nililolinunua Wete, nikapaka mguu mmoja, nikapaka wa pili, nikapaka wa tatu. Mama amesimama mlangoni ananitazama. Nilipofika kwenye ule wa mchagoni kulia, nikafunika kopo, nikaosha brashi.

"Mama," nikamwambia, "jina lake Mize, na mie nimeahidi."

Hakunijibu siku ile, wala miezi mingi baada yake, ila kwa mambo ya jikoni tu.

Siku ya harusi mashangazi wa bwana harusi walikuja kukagua chumba. Kahawia yangu ilikuwa inang'ara, ukitaka unajiona sura. Wakauona ule mguu. "Haya, na hunu wa kijani ni wa chama gani?" mmoja akauliza, wenziwe wakacheka. Nikawaambia ni wa marehemu, na anayetaka amuulize mwenyewe saa saba ya Ijumaa. Kicheko kilikatika. Wakanishauri kitanda kichomwe moto. Wengine wakasema kivukishwe mpaka kisiwa cha Fundo kikatupwe huko. Kila mtu alikuwa na mganga wake wa kunipeleka. Sikwenda kwa mganga, sikuchoma kitu. Riziki alikaa fungate yake siku saba juu ya kitanda kile, hakuota ndoto mbaya hata moja, na leo ana watoto saba.

Kitanda kikarudi chumbani kwa mama. Nilidhani ataupaka ule mguu mwenyewe. Hakuupaka. Na hapo likaanza jambo jingine lililowatia watu maneno. Miaka ikapita, kahawia yangu ikafifia, nikairudia mara mbili. Kijani haikufifia. Ilizidi kung'ara, vile vitone vimekaa kama vimetiwa jana. Watu wakawa wanakuja kuchungulia wakisema jini huyo, na mimi, kwa nini niseme uwongo, niliamini ni kazi yake Mize.

Mpaka Ijumaa moja. Nilikuwa nimetoka kumpelekea mtu kiti chake, mteja hayupo, nikarudi mapema. Adhana imeshaisha, njia kimya vilevile. Nikasikia mama anazungumza chumbani. Nikasogea mlangoni.

Mama alikuwa amekaa chini, mgongo kwangu, kibakuli cha mafuta ya nazi pembeni, kitambaa mkononi. Alikuwa anausugua ule mguu wa kijani, pete kwa pete, taratibu, kama mtu anayempaka mwenziwe mafuta ya nywele. Na alikuwa anasema, kwa sauti ile wanayosemeshana wake wenza walioshachoka kugombana.

"Na mwanao huyo kichwa kigumu, Mize. Usinitazame mie, ukaidi ule haukutoka kwangu peke yangu. Wangu na wako. Mie radhi zangu nimeshampa zamani, sijui niseme vipi tu. Mwambie weye."

Akakiinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza. Halafu akacheka. Alicheka sana mama yangu, cheko la mwanamke aliyeambiwa kitu na shoga yake. Na mimi pale mlangoni sikusikia sauti ya mtu mwingine. Nilisikia harufu tu ya karafuu maiti.

Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole. Sikumwambia kitu mpaka alipokufa, na alifia juu ya kitanda kile kile, mkono wake wa kulia umeushika ule mguu. Sasa kitambaa kile ninacho mimi. Kila Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, nasugua. Siku hizi sisugui mmoja tu. Mguu wa mchagoni kushoto nimeukwangua mpaka kwenye mti, nikaupaka nyekundu, nikautia vitone vyeupe kwa ncha ya kijiti, kimoja kimoja, kila pete. Huo ni wa mama. Baba hakumtilia, nimemtilia mimi.

Basi wewe uliyeokota kitanda cha zamani, au kabati, au kiti cha bibi yako, na una msasa mkononi na haraka ya kukifanya kipya, sikia la mzee. Uliza kwanza kilikuwa cha nani. Usikivue kamba ukakielekeza kibla ukakifukizia ubani, labda uwe tayari kwa mgeni. Na kama umeshakosea kama nilivyokosea mimi, ukasikia hodi mchana wa Ijumaa, itika. Ogopa, kuogopa si aibu. Lakini usikubali kumpa miguu yote minne, na usikubali kumnyima yote minne.